Jodi ya Mzee Mansukh

Rajab Semhando anaendesha basi mashariki mwa London, na abiria wake wa kila siku humtambua kwa mashavu. Ni mapana, yamelegea kidogo, mithili ya mtu aliyekuwa mnene akakonda ghafla. Lakini Rajab hajapata kunenepa maishani mwake. Mashavu hayo aliyapata utotoni, Tanga, kwa kupuliza zumari mbili kwa wakati mmoja.

Zilikuwa za mwanzi, zimekoza rangi kwa kushikwa miaka mingi. Mwenye nazo aliziita jodi, kwa lugha yake ya Kikachi; watoto wa mtaa wa Ngamiani wakasikia jozi, na hawakukosea sana. Moja ilikuwa dume, nyingine jike. Kazi ya dume ni kushika sauti moja tu, nzito, isiyopanda wala kushuka, tangu mwanzo hadi mwisho. Jike ndilo linaloimba. Mpigaji huzitia zote mbili mdomoni, moja pembe hii na nyingine pembe ile, na hapumziki. Huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakisukuma ile aliyoiweka akiba, ili sauti isikatike hata kidogo. Watu wa Tanga waliziita zumari kwa kukosa jina jingine, ingawa hazikuwa na ule ukali wa zumari za ngomani. Hizi zililia kwa upole.

Mwenye nazo alikuwa Mzee Mansukh, Mhindi wa Barabara ya Nane aliyefuga ng'ombe uani na kuuza maziwa kwa baiskeli. Alizaliwa Kachi, India, akaja Tanganyika akiwa kijana. Mkewe alifariki mapema. Binti yake wa pekee, Vasanti, aliolewa akapelekwa Uingereza miaka ile ambapo Wahindi wengi walikuwa wakifunga milango na kuondoka. Mzee akabaki na ng'ombe wake, na mwanamke wa Kibondei aliyemsaidia kuosha vyombo vya maziwa. Mwanamke huyo, Mwanahawa, ndiye aliyemzaa Rajab.

Mwanahawa alikufa kwa homa mwanawe akiwa darasa la pili. Baba wa mtoto hakujulikana alipo. Ndugu wa Muheza walisema wangekuja kumchukua baada ya msimu wa machungwa. Msimu ukaisha, mwingine ukaja, hawakuonekana. Mzee Mansukh hakumwuliza mtu. Alitandika kitanda kwenye chumba kilichokuwa cha binti yake, akasema, "Lala hapa, mwanangu."

Hakumgeuza dini. Kila alasiri alimpeleka mpaka mlangoni mwa chuo cha Kurani, na siku Rajab alipotoroka kwenda kucheza mpira, aliyemfuata uwanjani na fimbo alikuwa mzee yule yule mwenye picha ya mungu wake ukutani. Nyama haikuingia jikoni kwake, lakini Idi ilipofika alimtoa mtoto kwa jirani akale pilau, yeye akakaa barazani kumngoja.

Zumari alimfundisha bila zumari. Alikata bua la jani la mpapai, akalitumbukiza kwenye kikombe cha maji, akamwambia apulize mapovu bila kuacha. Rajab akipumua, mapovu yakikatika, mzee anacheka. "Umekufa," anamwambia. "Anza tena." Ilichukua kiangazi kizima. Siku mapovu yalipokwenda yenyewe, pua ikivuta na mdomo ukitoa, mzee aliinuka akaingia ndani, akarudi na jodi imefungwa kwenye kanga ya marehemu mkewe. Jioni zilizofuata walipiga kwa zamu uani, ng'ombe wakiwa wamelala wanacheua.

Rajab alikuwa kijana mkubwa, ana kibarua bandarini, wakati Mzee Mansukh alipofariki. Maneno yake ya mwisho yenye maana yalikuwa mawili: ng'ombe wauzwe kwa mtu asiyechinja, na zumari abaki nazo Rajab. "Ukimwona Vasanti," aliongeza, halafu hakumaliza.

Rajab alikutana na Haika, mkunga wa hospitali ya mkoa, wakaoana, yeye Mwislamu na Haika Mkristo, wazee wa pande zote mbili wakinung'unika hadi wakachoka. Hospitali za Uingereza zilipotafuta wakunga, Haika akaenda. Baadaye Rajab akamfuata, na jodi akaibeba mkononi ndani ya ndege. Alikuwa akifikiri London ni mji ambao ukiuliza Mhindi wa Tanga utaonyeshwa nyumba. Alipofika Ilford na kuona barabara kuu siku ya Jumamosi, Wahindi na Wasomali na Wanigeria wamejaa mpaka wanashuka lami, alisimama mlangoni mwa duka la viatu akajiona mjinga.

Akajifunza basi. Akapata watoto wawili wa kike wanaomwelewa anapowaita kula na kumjibu kwa Kiingereza. Zumari alizipiga bustanini kukiwa na jua, na baridi ikija alizipiga chumbani, madirisha yamefungwa, mpaka jirani wa juu alipokuja kuuliza kwa adabu kama kuna bomba linalovuja hewa. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu London aliyejua kile alichokuwa akikisikia.

Kisha akampata Nitin. Nitin ana duka la viungo karibu na stesheni ya Ilford, na siku hiyo Rajab alikuwa akichagua mihogo, akinung'unika peke yake kwamba imekauka.

"Wewe mtu wa Tanga," Nitin alisema kutoka kwenye kaunta.

"Umejuaje?"

"Hakuna mtu mwingine anayeutukana muhogo namna hiyo. Mimi nimezaliwa Barabara ya Kumi na Mbili."

Wakaanza kutajiana majina. Walipofika kwa Mzee Mansukh wa maziwa, Nitin akaweka chini kopo alilokuwa nalo. "Yule wa filimbi mbili? Binti yake namfahamu. Yuko Stanmore. Mumewe amekufa, anakaa peke yake. Mwanawe huja huja."

Rajab alilipia mihogo akaisahau pale pale dukani.

Stanmore ni mwisho wa reli. Nyumba zina bustani mbele na miti iliyokatwa vizuri, na mchana hapiti mtu. Vasanti alifungua mlango mwenyewe: mwanamke mfupi, nywele nyeupe amezifunga nyuma, sari ya nyumbani na sweta juu yake. Nitin alikuwa amempigia simu kwamba kuna mtu wa Tanga anakuja. Hakumwambia ni nani.

"Karibu," alisema Vasanti, akacheka kwa aibu. "Kiswahili changu kimeoza. Kaa. Utakunywa chai?"

Rajab alikaa, ameuweka mfuko mapajani. Chai ikaja, na chivda ya kutafuna kwenye bakuli. Akasema, "Dada, mimi naitwa Rajab. Nimelelewa na baba yako."

Vasanti aliyekuwa akimimina maziwa hakumwaga. Alimimina mpaka mwisho, akaweka jagi. "Sema tena."

"Mama yangu alikuwa akifanya kazi kwa Mzee. Alipokufa, Mzee akanichukua. Nimelala katika chumba chako. Nimekuja kukueleza alivyokufa, maana sikujua nikupate wapi."

"Mama yako alikufa lini?"

"Themanini na tatu. Nilikuwa darasa la pili."

Vasanti aliinamisha kichwa. Alipoanza kusema, Kiswahili chake hakikuwa kimeoza hata kidogo. Kilitoka chote, cha Ngamiani, cha msichana aliyeruka kamba barabarani.

"Themanini na tatu nilimtumia tiketi. Mume wangu alikuwa mtu mgumu, lakini alikubali. Tulipaka chumba rangi. Nilikwenda Heathrow na koti lake nimelishika mkononi, maana ilikuwa baridi. Watu wakatoka. Wakatoka wote, mpaka na wale wanaosukumwa kwenye viti. Baada ya siku mbili tatu akapiga simu kutoka posta. Aliniambia, 'Siwezi kuja, binti, nina mtoto.' Nikamwuliza, mtoto gani? Mtoto wako si mimi? Simu ikakatika."

Rajab hakujua habari ya tiketi. Mzee hakuwahi kuitaja, siku zote zile za kula pamoja, kulala nyumba moja, kukaa uani jioni. Alijaribu kukumbuka kama kuna siku alimwona mzee amevaa nguo za safari. Hakukumbuka kitu.

"Mama mkwe alisema mbele ya watu kwamba baba yangu amezaa na mtumishi," Vasanti aliendelea. "Mbele ya wageni, hapa hapa sebuleni. Nikanyamaza. Sikumpigia simu tena. Nilisema, acha akae na mtoto wake."

"Dada, mimi si wa damu yake."

"Damu ingekuwa afadhali!" alisema Vasanti. "Damu mtu anaielewa. Kumbe aliniacha uwanja wa ndege kwa sababu ya mtoto wa watu."

Rajab alitoa zumari kwenye mfuko, akaziweka mezani, bado zimefungwa kwenye ile kanga. "Hizi ni za baba yako. Zichukue."

Vasanti aliitazama kanga ya mama yake, imechakaa, maandishi yake hayasomeki tena. Akasimama. "Ondoka nazo. Tafadhali. Nenda."

Rajab alirudi Ilford. Nyumbani alimsimulia Haika, akamaliza kwa kusema, "Ningekuwa sijazaliwa, angekuja."

Haika alikuwa akivua viatu vya kazini. Aliketi karibu naye. "Mama yako angekuwa hajafa, ndiyo angekuja. Wewe hukumwomba mtu akulee. Acha kujibebesha."

Lakini Rajab alijibebesha. Kipindi hicho chote cha baridi hakugusa zumari.

Ulikuwa mchana, yuko kantini ya gereji ya mabasi na sahani ya wali mbele yake, simu ilipolia kwa namba asiyoijua.

"Rajab?" Sauti ilikuwa ya Vasanti. Haikumpa nafasi ya kusalimia. "Nani aliwasha moto?"

Rajab alielewa mara moja. Kwa Wahindu, maiti huchomwa, na anayewasha kuni ni mtoto wa kiume wa marehemu. Alisogeza sahani.

"Mimi," alisema.

"Wewe? Mwislamu?"

"Wahindi waliobaki walikuwa wachache. Walibishana pale pale kwenye kuni. Mmoja akasema nisisogee. Yule mzee mlinzi wa hekalu akawajibu, 'Nimemsikia kwa masikio yangu akimwita mwanangu. Mpeni moto.' Wakanipa. Nikazunguka kama walivyonielekeza. Nikawasha upande wa kichwa."

"Hakuwa peke yake, basi," Vasanti alisema.

"Hakuwa peke yake, dada."

"Miaka yote nimekuwa nikiona kwamba alichomwa na watu baki." Akavuta pumzi. "Njoo Jumamosi. Uje nazo."

Jumamosi hiyo alipiga. Alianza vibaya, pumzi imekufa kwa kukaa bure, midomo migumu. Ilibidi achezee nta ya ndani ya mdomo wa jike kwa ncha ya kijiti mpaka sauti ikae. Halafu dume likashika. Vasanti alikuwa kwenye kiti cha dirishani, mikono ndani ya sweta. Rajab alipiga ule wimbo aliokuwa akiujua zaidi, ule wa jioni, na alipofika katikati alimwona Vasanti anacheka huku machozi yanatelemka hadi shingoni.

"Huo alikuwa akiwapigia ng'ombe," alisema ulipokwisha. "Ng'ombe waliupenda. Mimi nilikuwa naziba masikio, nafanya hesabu za shule." Akajipangusa kwa ncha ya sari. "Upige tena."

Rajab alipotaka kuondoka alimwachia zumari, maana zilikuwa za baba yake na Rajab hakuona haki ya kuendelea kuzishika. Vasanti alizipokea, akazifunga kwenye kanga, akaziweka kwenye kabati la vioo, kati ya vikombe vizuri na picha za wajukuu.

"Zitakaa hapa," alisema. "Ukitaka kuzipiga utakuja hapa. Ndivyo nitakavyokuona."

Akawa anakwenda. Siku zake za mapumziko zilipoangukia mwisho wa wiki, alichukua treni mpaka mwisho wa reli, na Vasanti alimngoja na mihogo iliyotiwa nazi, maana nyumba nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kuila. Alipiga, wakala, wakasimuliana. Vasanti alimpa Mansukh wa ujana, aliyemfundisha bintiye baiskeli kwenye njia ya bandarini, akaanguka yeye na si mtoto. Rajab alimpa Mansukh wa uzee, aliyewaambia wanunuzi wa maziwa kwamba binti yake London ana nyumba yenye ngazi ndani. Kila mmoja alikuwa na nusu ambayo mwenzake hakuwa nayo. Ilipofika Rakhi, siku ambayo kwao dada humfunga kaka yake uzi mkononi, Vasanti alimfunga Rajab uzi mwekundu, naye akaendesha nao basi mpaka ukakatika wenyewe.

Ajay, mtoto wa Vasanti, alimkuta hapo mara kadhaa. Alikuwa mtu wa mambo ya bima, mpole, mwenye haraka. Alimsalimia Rajab kwa heshima, kisha akamwuliza mama yake jikoni, kwa Kiingereza ambacho Rajab alikisikia, yule bwana ni nani hasa na anataka nini. "Mtu wa nyumbani," Vasanti alijibu, na hakueleza zaidi. Kumweleza mwanawe kungemlazimu kumwambia jinsi alivyonyamaza mama mkwe alipomtukana baba yake, na jambo hilo hakuliweza. Ajay hakuuliza tena. Hakuwa na Kiswahili zaidi ya jambo na asante.

Vasanti alianza kuchoka. Kwanza alisema ni ngazi, kisha akasema ni baridi. Hospitali ikasema ni moyo, na kwa umri wake hawangempasua. Siku moja alimsikiliza Rajab akiwa amelala kwenye kochi, miguu juu ya mto, na alipomaliza akamwambia, "Siku yangu ikifika, utapiga huo wa ng'ombe."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nasema. Baba yangu sikumsindikiza. Nataka yeye anisindikize."

"Umemwambia Ajay?"

"Nitamwambia," alisema.

Hakuwahi. Alianguka bafuni asubuhi ya siku ya kazi, mwanamke anayemsaidia usafi akamkuta, akapelekwa hospitali na hakuzinduka. Rajab alipata habari kwa Nitin, akiwa amesimamisha basi mwisho wa njia. Alikaa kwenye usukani na taa za ndani zinawaka, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri nje akagonga kioo. Alifungua mlango akaendelea na safari, kwa sababu hapakuwa na la kufanya.

Siku ya mazishi alifika Stanmore asubuhi. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa nguo nyeupe, viatu vimefurika mpaka nje ya mlango. Haika alikuwa naye, amejifunga mtandio mweupe. Rajab alimtafuta Ajay, akamkuta kwenye korido na simu sikioni.

"Pole sana, Ajay," alimwambia kwa Kiingereza chake. "Mama aliniomba nipige zumari leo. Zile zilizo kabatini. Dakika chache tu."

Macho ya Ajay yalikuwa mekundu, hajalala. "Rajab, samahani. Pale tunapochomea wamepanga muda, ukipita wanaingia wengine. Kuhani ana sala zake, ndugu za baba wanazungumza. Hakuniambia kitu kama hicho. Labda baadaye, tukirudi nyumbani."

"Aliniomba mimi."

"Naelewa," alisema Ajay, na ilikuwa dhahiri kwamba haelewi. Mtu akamwita, akaenda.

Haika alitaka kumfuata. Rajab alimshika mkono. Haikuwa siku ya kuvutana na mtoto aliyefiwa, na akijitazama alijiona ni mgeni katika nyumba ya watu. Kule mahali pa kuchomea maiti walikaa mstari wa nyuma kabisa. Ajay alipelekwa chumba cha pembeni, akabonyeza kitufe cha kuwasha tanuri, na pazia likajifunga bila sauti. Rajab alikuwa amekunja mikono juu ya magoti. Haika, aliyekuwa ubavuni kwake, aliona mashavu yake yanajaa na kushuka, yanajaa na kushuka, pua ikivuta taratibu, wala hakuna kilichosikika. Alipiga wimbo wote hivyo, mpaka watu waliposimama.

Waliporudi nyumbani palikuwa na chakula na wageni, na Ajay alizungukwa na jamaa. Rajab hakuona njia ya kuomba tena. Aliitazama kanga nyuma ya vioo, akaenda zake.

Alisubiri matanga yaishe, akasubiri na zaidi, kwa kuwa hakutaka kuonekana anafuata mali ya marehemu. Alipopiga simu hatimaye, Ajay alimwambia aje, yuko pale nyumbani anakabidhi funguo kwa dalali.

Sebule ilikuwa tupu. Zulia lilikuwa na alama za miguu ya kochi, na pale kabati lilipokuwa ukuta ulikuwa na rangi safi zaidi.

"Kabati liko wapi?" aliuliza Rajab.

"Niliita watu wa kusafisha nyumba. Wamechukua fenicha zote. Vikombe na picha niliondoa."

"Na zile zumari?"

Ajay aliweka mkono mdomoni. "Vile vijiti kwenye kitambaa? Siku ile ya mazishi akili haikuwa yangu. Nilidhani ni pambo. Nilidhani..." Hakumalizia. Rajab alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono wazi. Hakulaumu. Ajay alitoa funguo za gari.

Walikwenda wote wawili, kwa gari la Ajay. Wale wa kusafisha walisema vitu vizuri waligawa kwenye maduka ya hisani yanayouza mitumba, vibovu vikaenda jalalani. Nani anakumbuka vijiti? Waliingia duka baada ya duka, Stanmore, Edgware, Harrow. Waliangalia kwenye mapipa ya miavuli na fimbo za kutembelea, kwenye masanduku ya midoli. Katika duka moja waliikuta kanga. Ilikuwa imekunjwa pamoja na vitambaa vya meza. Ndani yake hapakuwa na kitu. Mama mwuzaji, mtu mwema, alitafuta hadi stoo, akarudi akitikisa kichwa.

Ndani ya gari, nje ya duka hilo, Ajay aliishika kanga mapajani akauliza kwa Kiingereza, "Rajab, wewe ni nani? Niambie, tafadhali."

Rajab akamwambia yote. Akamweleza juu ya Mwanahawa na vyombo vya maziwa, tiketi, koti lililoshikwa Heathrow, simu ya posta, moto. Mvua ilianza, vioo vikapata ukungu. Ajay hakumkatiza. Alipofika kwenye ombi la mama yake, la kusindikizwa na wimbo wa ng'ombe, Ajay aliegemeza paji la uso kwenye usukani akalia kwa sauti, kilio ambacho hakulia siku ile mbele ya watu.

"Aliniambia una mambo ya bima," Rajab alisema kwa upole, akimpapasa mgongo, "na kwamba una moyo wa babu yako. Alisema hivyo zaidi ya mara moja."

Zumari hazikupatikana. Nitin aliagiza nyingine kutoka India, zikaja zinang'aa, zimepakwa vanishi, na Ajay ndiye aliyezileta Ilford. Rajab alijitahidi. Dume na jike havikukubaliana. Kila moja lililia kivyake, na joto la radieta ya chumbani likalipasua jike kabla hajalizoea. Aliziweka juu ya kabati. Watu wakimwuliza siku hizi husema alikuwa akipiga zamani, nyumbani, na hubadilisha mazungumzo. Kanga anayo Haika, ameihifadhi kwenye sanduku pamoja na nguo za watoto za uchanga.

Asubuhi ya Idi iliyofuata, Rajab alikuwa ametoka msikitini, pilau ipo mezani, binti zake wanagombania kioo. Simu ililia, naye akaiweka kwenye spika kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta.

"Idi Mubarak, Mama," ilisema sauti ya mwanamume.

Haika aligeuka kutoka kwenye jiko. "Nani huyo mtu mzima anakuita mama?"

"Ni Ajay," alisema Rajab. Alikuwa amelisikia neno hilo mara elfu nyumbani kwa Mzee Mansukh, na alilijua. "Kwao, mama ni ndugu wa kiume wa mama mzazi. Mjomba."

Haika akapunguza moto wa jiko ili simu isikike vizuri.

"Mama, unanisikia?" Ajay aliuliza.

Rajab alijipangusa mafuta mikononi, akaisogelea simu. Kama wanavyoitana mjomba na mpwa huko pwani, kila mmoja akimpa mwenzake jina lile lile, alisema, "Nakusikia, mjomba. Nakusikia."